Shemasi Aliyeninyima Mshale

Kabla hujamjua Shemasi, ungemsikia. Kanisani kwetu, huku ughaibuni, kwenye ukumbi wa kukodi usio mbali na stesheni ya treni ya Seven Hills, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuombea chakula, na hilo lilikuwa kosa la kamati. Alianza na wagonjwa, akaenda kwa wasafiri, akapitia Kigoma na Bujumbura, akawakumbuka madereva wa malori na wanafunzi wenye mitihani, ndipo akafika kwenye chakula chenyewe. Kufikia amina, mafuta yalikuwa yameganda juu ya mchuzi. Mimi ni mtu wa Machakos, nesi wa wodi ya dharura, na subira si kipaji changu. Nilikuwa nikinong'ona, "Shemasi, Mungu ameshasikia," na mama aliyesimama kando yangu ananifinya mkono.

Mtu huyo huyo, mweke porini na upinde, hasemi neno tangu alfajiri mpaka jua lipande. Hakohoi. Mbu anatua usoni pake, anakunywa, anashiba, anaenda zake. Nilimfuata misimu kadhaa, na mpaka leo sijui maneno yote yale alikuwa akiyaweka wapi.

Jina lake nalijua, ila sikuwahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa Shemasi kwa Warundi wenzake, Shemasi kwetu Wakenya, na Shemasi kwa wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya wazee kule St Marys alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Wale wazee walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Sasa amehamia Brisbane kwa binti yake. Nimeona nimseme akiwa bado anaweza kusikia na kubisha.

Mambo yalianza na nyama. Siku moja baada ya ibada nilipakuliwa mchuzi mweusi wenye mchaichai na pilipili, nikala, nikarudia, nikauliza ni nyama gani. Shemasi akasema ni kulungu. Nikamuuliza anainunua wapi.

"Hii hainunuliwi," akasema. "Hii unaenda kungojea."

Nikamwambia anichukue siku moja. Meza nzima ikacheka. Kijana mmoja wa kwaya akasema, "Shemasi, huyo ni Mkamba. Upinde uko kwenye damu." Shemasi aliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni, tena viatu vya Jumapili, halafu akasema polepole, "Wakamba walitia sumu kwenye mishale. Ndiyo sababu hawakujifunza kungoja."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilichukia. Wiki iliyofuata nilienda nikanunua upinde wangu mwenyewe, kwa hasira tupu, ule wa kisasa wenye magurudumu mawili kwenye ncha ambao ukishauvuta unatulia mkononi. Nikajiunga na klabu ya kulenga shabaha. Nilipokuwa ofu nilikuwa uwanjani nikipiga bonge la sponji, na kabla mwezi haujaisha mishale yangu ilikuwa inakaa kwenye duara ndogo kama sahani ya chai. Nikampigia picha, nikamtumia. Alijibu kwa sauti, kwa kile Kiswahili chake kilichopita kambini Tanzania na bado kina mavumbi ya Kifaransa: "Bon. Sista, unajua kupiga sponji. Sponji haipumui."

Lakini alinichukua. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa tunaenda wawili. Nilipofika kwake kabla ya mapambazuko, Mama Shemasi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amejifunga kitenge na blanketi, ana thamosi ya chai na uzi wa kufuma. "Shemasi hawezi kuingia porini na mwanamke ambaye si wake," akanieleza, kana kwamba ananisomea sheria za barabarani. "Watu wa kanisa wana midomo." Msimu mzima mama yule aliamka gizani, akaketi garini karibu na lango la shamba la watu, akafuma vitambaa vya viti, ili mimi nijifunze upinde bila kusemwa. Kila nyumba ya Warundi kutoka Blacktown hadi Penrith ina kitambaa kimoja kilichofumwa wakati nikifundishwa.

Lango hilo nilieleze, maana lilikuwa kila kitu. Shamba lilikuwa la bibi mmoja mjane, mzungu, mbali nyuma ya milima, mahali pa nyasi za kahawia na miti ya mikaratusi. Mumewe alifia kwenye ile nyumba ya wazee St Marys, na Shemasi ndiye aliyemwogesha hadi siku ya mwisho. Bibi hakusahau. Alimwambia kulungu wanamaliza malisho ya ng'ombe wake, aje awinde akitaka, lakini kwa sharti moja. Zamani aliwaruhusu vijana fulani wenye pinde, na baadaye akamkuta kulungu jike kando ya bwawa, hai, mshale umemwozea pajani. Kwa hiyo: siku atakapompata mnyama mwingine aliyejeruhiwa akaachwa, lango litafungwa, kwa kila mtu, Shemasi akiwemo.

Shemasi alinieleza hayo siku ya kwanza, tumesimama mbele ya lango lenyewe, kabla hajalifungua.

"Sista, mimi nimekaa kambini miaka mingi. Ukivuka mpaka kutafuta kuni, unakamatwa. Sasa mtu amenipa lango lake, ananiambia ingia wakati unataka, toka wakati unataka. Hiyo lango siwezi kuichezea. Hata kwa sababu yako siwezi."

"Basi kwa nini umenileta?"

"Hiyo hata Mama ameniuliza," akasema, akafungua mnyororo.

Msimu wa kwanza aliniingiza porini mikono mitupu. Hakuna upinde, hakuna mshale, hata kisu. Tulikaa kwenye kibanda cha turubai karibu na njia wanayopita kulungu kwenda majini, kijumba chenye vidirisha, na kazi yangu ilikuwa neno moja. Mnyama akija, nimfuate kwa macho, na ile nukta ambayo ningeachia mshale niseme "sasa," kwa pumzi tu, bila sauti. Shemasi angenijibu kwa mkono. Ngumi ni hapana. Kiganja wazi ni ndiyo.

Nilipata ngumi. Nilipata ngumi asubuhi na ngumi jioni. Kulungu jike alisimama mbele yetu akila majani, karibu hivi ningeweza kumtupia kiatu, nikasema sasa: ngumi. Akageuka: sasa? Ngumi. Akainua kichwa akatuangalia moja kwa moja: sasa, sasa kabisa. Ngumi imekazwa mpaka mishipa imetokeza. Nilitoka pale nimenuna kama mtoto aliyenyimwa soda.

Maelezo yalikuja garini, wakati wa chai ya Mama. Pale mwanzo mguu wa mbele ulikuwa umerudi nyuma, na mfupa wa bega ukawa umefunika moyo. Ngoja ausogeze mbele, ubavu ufunguke. Alipogeuka alitupa mgongo. Mshale ungeingia tumboni, akimbie nusu siku akiwa na uchungu. Na alipoinua kichwa? "Hapo amekusikia. Nyama ikiwa macho hivyo, kamba ya upinde ikilia tu inachuchumaa kabla mshale haujafika. Unapiga mahali alikuwa." Yeye mnyama alimwita nyama, awe anatembea au yuko sufuriani, na mimi nilizoea.

"Kwa hiyo nafasi ni moja?" nikamuuliza.

"Mara nyingi hakuna," akasema, akapuliza chai.

Unaweza kudhani alikuwa mtulivu wa kila mahali. Wapi. Mpe usukani umwone. Kwenye barabara kuu Shemasi alikuwa mtu mwingine: anapiga honi, anawahutubia madereva kwa Kirundi, anamwambia Mama aangalie huyu, aangalie yule, huyu nani alimpa leseni. Na mbwa! Bibi alikuwa na mbwa mzee, meno hana, anatembea kwa kuegemea ukuta. Shemasi, ambaye nilimwona akikaa bila kupepesa huku dume lenye pembe pana kama meza linakoroma karibu naye, hakushuka garini mpaka mbwa yule afungiwe. Bibi alilijua hilo na alichelewa makusudi kumfunga.

Jumamosi mchana alikuwa na safari yake ya Cabramatta, kununua mchaichai na pilipili kwa mama mmoja wa Kivietinamu. Nilimsindikiza mara moja. Shemasi aliomba apunguziwe bei kwa Kiswahili. Mama yule alimkatalia kwa Kivietinamu. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, wanatikisa vichwa, wanacheka, na mwisho mama akaongeza fungu la majani bure. Nilimuuliza walikuwa wanasema nini. Akaniambia, "Ananiuliza habari za watoto."

Mishale yake alikuwa mchoyo nayo. Ukiomba mmoja anauliza wako umeenda wapi. Nyama je? Aligawa mpaka Mama akawa anaficha. Bega la kwanza lilikuwa la Bibi, siku zote, kisha wagonjwa, kisha wageni waliotua wiki hiyo bila sufuria, na wao wawili walibaki na shingo na mifupa ya supu. Akimkaribia mnyama aliyeanguka alivua kofia, akapiga goti, akaweka mkono shingoni, akasema "pole." Neno moja. Mtu wa sala za robo saa, pale alisema pole akanyamaza.

Siku moja nilimharibia vibaya. Ijumaa kulikuwa na harambee ya Wakenya, tunachanga kusafirisha mwili wa marehemu nyumbani, na mimi nilikuwa kwenye kamati ya nyama choma. Niligeuza mbuzi mchana kutwa. Alfajiri niliamka nimechelewa, nikaoga kwa haraka, lakini koti ni lile lile, na nywele za kusuka hazitoi moshi kwa maji ya dakika mbili. Tulikaa kwenye kibanda, upepo ukageuka ukapita kwetu kuelekea bondeni. Kundi zima lililokuwa linapanda likasimama, likanusa, likageuka kama lililoitwa. Porini pakabaki kunguru. Shemasi hakuniambia kitu mpaka tulipofika kwenye gari.

"Mama," akasema, "leo nyama zote zimealikwa harambee, zimekataa kuchanga."

Mama Shemasi alicheka akapoteza hesabu ya uzi wake. Tangu siku ile nguo zangu za porini hukaa kwenye mfuko wenye majani ya mkaratusi, na mtu yeyote nyumbani akikaanga vitunguu karibu nao, tunakosana.

Kiganja wazi nilikipata mara ya kwanza mwisho wa msimu ule. Jike moja, peke yake, akatoka kwenye kichaka, akasimama ubavu wazi, akainamisha kichwa kula, mguu wa mbele ukaenda mbele. Nilisema sasa. Nikageuza macho na kiganja kilikuwa pale, kimefunguka, vidole vinene vya mtu wa kazi. Mnyama akala, akamaliza, akaenda zake salama. Nilifurahi kuliko siku niliyopata uraia, na sioni aibu kusema hivyo.

Msimu wa pili akanipa mshale, nami nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kulungu wa kwanza alipoingia kwenye njia, moyo ulinipanda masikioni, mshale ukagongagonga kwenye upinde, tik tik tik, mpaka mnyama akasikia akaruka. Aki, niliona aibu. Mimi, ninayeingiza sindano kwenye mshipa wa mtoto anayepiga mateke, mama yake analia, daktari anapiga kelele, na mkono wangu hautikisiki.

"Kazini mikono yangu haifanyi hivi," nikamwambia njiani.

"Kazini unaponya. Hapa unaua. Mikono yako imeelewa, sawa sawa. Siku itaacha kuogopa, nitakunyang'anya upinde." Kisha, baada ya kumtukana dereva wa lori, akaendelea: "Usizuie kutetemeka. Itetemeke ikiwa upinde uko chini. Pumua nje, doucement, polepole, kama unapuliza uji. Ikiisha, ndiyo uvute. Kama nyama imeenda, imeenda. Iko na miguu yake."

Nilifanya hivyo. Msimu ule wote nilivuta mara chache, na kila mara niliushusha upinde bila kuachia. Mara moja kulikuwa na mtoto nyuma ya mama. Mara nyingine tawi lilikatiza. Mara nyingine sikujua ni nini, kifua kilikataa tu, nikashusha. Nyuma yangu Shemasi hakutoa tena ngumi wala kiganja. Nilipomuuliza kama nilikosea kushusha, alisema hakuwa anaangalia mnyama tu, alikuwa anaangalia na masikio yangu, maana hofu yangu hupandia pale.

Lakini kazini kitu kilibadilika. Nilianza kuvuta pumzi moja kabla sijamgusa mgonjwa. Vijana wapya wa wodi walianza kuniita wanapokwama, wakisema nikifika chumba kinapoa. Miaka yote nilikuwa na sifa ya kasi, na kasi huokoa watu, sikatai. Ila hakuna aliyewahi kunifundisha kusimama. Yule mzee wa kuogesha wazee alinifundisha, na ninamshukuru kila shifti, kwa maneno, kimoyomoyo, mbele ya sinki ninaponawa mikono.

Sasa nifike penye kuuma. Kama nesi ningepaswa kuona mapema, na niliona: alikuwa anasogeza simu mbali, anagusa ngazi kwa mguu kabla ya kushuka, anamwachia Mama kumwaga chai. Ugonjwa wake wa sukari ulikuwa wa muda mrefu. Nilimwambia aende akapimwe macho. Akasema aliyeyaumba anayajua.

Ilikuwa zamu yake ya kupiga, baridi imeanza, nyasi zina umande mweupe. Mimi nilikaa kulia kwake. Dume changa likaja, likasimama kando ya bwawa, ubavu wazi, kichwa chini. Shemasi akavuta, kamba ikamfika shavuni bila sauti, vizuri kama siku zote. Mguu wa mbele ukaenda mbele. Nami nikaona, chini ya tumbo la lile dume, miguu mingine minne. Jike lilikuwa limesimama nyuma yake, sambamba naye. Mshale wa upinde ule hupita mwili mmoja ukaendelea. Ungemtoka dume ukamkuta jike popote, mguuni, tumboni, na jike lingeondoka nao.

Nilingoja ashushe. Hakushusha. Niliona kidole chake kinaanza kukaza kwenye kifyatuo cha kuachia kamba, na ndipo nikaelewa kwamba haoni. Anaona mnyama mmoja.

"Bado, Shemasi," nikapumua.

Sikuwahi kumwambia neno jingine porini ila "sasa." Hakugeuka, hakuuliza kwa nini. Aliushusha upinde taratibu mpaka kamba ikarudi mahali pake. Dume likapiga hatua mbili, na jike likatokea nyuma yake, zima, masikio yanacheza, likainama kunywa maji. Shemasi alilitazama muda mrefu sana. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Ilikuwa pale wakati wote?"

"Ndiyo, Shemasi."

Akarudisha mshale wake kwenye podo.

Nilidhani tutaenda nyumbani. Mimi ningenyamaza, na nadhani watu wengi wangenyamaza; hakuna mnyama aliyeguswa, hakuna aliyeona. Yeye alimwambia Mama aendeshe mpaka nyumba ya shambani. Alishuka mbwa akiwa bado uani, wala hakumwangalia. Bibi alitoka barazani na kikombe chake, akauliza kama tumepata. Shemasi akavua kofia, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno: leo nimekaribia kumjeruhi mnyama wako. Sikumwona. Macho yangu yamekwisha. Huyu ndiye amenizuia.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, roho iko mkononi. Nilijua sharti. Nilijua pia lango lile lilikuwa nini kwa mtu yule, na sasa alikuwa analifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi alinywa chai. "Lakini hukupiga," akasema.

"Leo sikupiga. Kesho siwezi kukuahidi. Mimi sitapiga tena hapa."

"Basi ng'ombe wangu watakula nini, kulungu wakijaa?" Bibi akanielekezea kidevu. "Huyu ameua wangapi?"

"Hajaua hata mmoja," akasema Shemasi. "Nimekaa nyuma yake msimu mzima. Amekataa wote ambao walipaswa kukataliwa. Na wengine wawili ambao mimi ningepiga."

Hakuwa ameniambia hivyo. Sikujua kama alikuwa anahesabu. Machozi yalinitoka pale barazani, nikajifanya ni baridi, na Mama Shemasi akanipa ncha ya kitenge chake bila kunitazama. Bibi akasema nije wiki itakayofuata, nije na mtu nikiogopa kuwa peke yangu, na nisisahau bega lake.

Nilienda peke yangu. Jike likaja kabla jua halijachomoza vizuri, likasimama vibaya, nikangoja. Likageuka, likasimama vibaya tena, nikangoja. Nilitetemeka upinde ukiwa chini mpaka kutetemeka kukaisha. Halafu ubavu ukafunguka na hapakuwa na kitu nyuma yake ila nyasi. Sikumbuki kuachia. Nakumbuka mlio mdogo, na mnyama akakimbia mwendo wa kutoka hapa hadi barabarani, akalala. Nilipomfikia alikuwa amekwisha. Nikavua kofia. Nikasema pole.

Nilimshusha kwenye gereji ya Shemasi mchana, tukamning'iniza kwa miguu ya nyuma, mimi na Mama, maana yeye tayari alikuwa amekatazwa kubeba vizito. Alikuja kutoka ndani akishika ukuta. Taa ya gereji ilikuwa inawaka, lakini nadhani ilimsaidia kidogo tu. Nilianza kusimulia, alisimama hivi, nikangoja hivi. Akainua mkono ninyamaze.

Akaanza kwa shingo, akashuka kwa vidole, bega, ukingo wa bega, akitafuta kwenye manyoya kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa mnene. Akalipata tundu. Kidole cha kwanza kikaingia, akahesabu mbavu kwa kidole gumba. Kisha akapeleka mkono mwingine upande wa pili, akatafuta, akalipata la kutokea. Akasimama hivyo amemkumbatia mnyama, mikono miwili kwenye matundu mawili, anapima mstari kati yake. Mama aliacha kuosha ndoo. Mimi nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa porini.

"Hakuteseka," akasema.

"Alikimbia kidogo tu."

"Najua. Hakujua hata ni nini."

Nikamwambia asante. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, kuhusu wodi, kuhusu sinki, kuhusu Mama na vitambaa vyake, na yote yakanipotea, nikabaki na asante, Shemasi, asante sana, mara mbili tatu kama mtu aliyekwama.

Alitoa mikono yake, akaipangusa kwenye suruali, uso umegeukia mahali alipodhani nipo.

"Mimi sikuwepo pale, Sista," akasema. "Ulikuwa peke yako."

Kisha akaniomba kisu, tukaanza kuchuna.